Alijua jibu, hakujua swali: kisa cha msamiati katika darasa la Biolojia

Swali lilikuwa la alama tano: "Starch digestion begins in the mouth but stops in the stomach. Account for this observation." Yaani, toa sababu ya wanga kuanza kumeng'enywa mdomoni na kusimama tumboni. Lilitoka katika jaribio la mwezi la Biolojia, kidato cha pili, kwenye sekondari ya kata mkoani Shinyanga ninakofundisha Kiingereza. Binti mmoja aliandika hivi: "Starch digestion begins in the mouth but stops in the stomach because of account this observation." Akapata sifuri.

Sifuri hiyo ilikuwa halali, na msahihishaji yeyote angeitoa. Kilichomsumbua mwenzangu wa Biolojia ni kwamba anamfahamu binti huyo. Hakosi vipindi, daftari lake limekamilika, na huwa wa kwanza kunyoosha mkono kila maelezo yanapogeuzwa kuwa Kiswahili. Akaniletea karatasi ofisini, na wakati wa mapumziko tukamwita.

"Shikamoo sir, shikamoo madam."

"Marahaba. Hebu tuambie, wanga unaanza kumeng'enywa wapi?"

"Mdomoni, sir."

"Ukifika tumboni inakuwaje?"

"Unasimama. Kile kimeng'enya cha kwenye mate hakiwezi kufanya kazi penye asidi, na tumboni kuna asidi. Mpaka chakula kifike utumbo mwembamba ndipo wanga unaendelea kumeng'enywa, kwa sababu kongosho inaleta kimeng'enya kingine."

Kwa mwongozo wa kusahihishia aliokuwa nao mwenzangu, maelezo hayo yangepata alama zote tano. Sehemu ya kongosho ilikuwa nyongeza, maana swali halikuiuliza.

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

"Sikujua kama ndicho kinachoulizwa, sir. Niliona 'account', nikadhani ni mambo ya akaunti."

Tangu siku ile kisa hiki kimekuwa kipimo changu kila nisikiapo kwamba watoto wetu hawajui sayansi, au kwamba hawajui Kiingereza. Kauli zote mbili zinamkosea binti huyu. Sayansi aliijua. Kiingereza nacho alikuwa nacho, kiasi fulani, tena cha aina fulani. Penye hiyo "aina fulani" ndipo penye tatizo, na ndipo ninapotaka tupaangalie kwa makini.

Maneno aliyokuwa nayo na aliyoyakosa

Tulikaa naye tukalipitia swali neno kwa neno. "Starch" alilijua, akasema ni wanga. "Digestion" alilijua. "Mouth" na "stomach" ni maneno ya shule ya msingi. Tulipomuuliza kimeng'enya cha kwenye mate kinaitwaje kwa Kiingereza, alijibu bila kusita: "salivary amylase". Maneno yote ambayo mtu wa nje angeyaona magumu, binti alikuwa nayo. Yaliyomwangusha ni "account for" na "observation", na kwa mbali "this", ambalo hakuona kwamba linairudia sentensi iliyotangulia.

Ukikaa darasani ukamtazama mwalimu wa sayansi akifundisha, sababu utaiona waziwazi. Neno la kitaalamu hupewa heshima zote. Huandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, hupigiwa mstari, hutajwa kwa Kiswahili, na darasa zima huambiwa lilitamke kwa pamoja. "Peristalsis" hupata heshima hiyo, na "oesophagus" pia. Maneno yaliyobaki katika sentensi hupita kimyakimya kana kwamba kila mtu alizaliwa nayo.

Chukua sentensi kama hii, ya aina inayojaa katika vitabu vya kidato cha pili: "The food which has been chewed is then swallowed and passes down the oesophagus by wave-like movements known as peristalsis." Ina maneno 20. Mawili ni ya kitaalamu na mwalimu atayafafanua. Tulipowauliza wanafunzi, wengi hawakujua "chewed", hawakujua "swallowed", na "wave-like" hakuna aliyethubutu hata kulikisia. Kutafuna na kumeza ni vitendo wanavyovifanya kila siku tangu wangali wachanga, na Kiswahili chake wanakijua, lakini Kiingereza chake hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha. Mwalimu wa Biolojia aliamini ni kazi yangu. Nami silabasi yangu ilikuwa imenipa kuwafundisha namna ya kuelekeza njia na kuandika barua ya kirafiki.

Watafiti wa usomaji wana kipimo cha jambo hili. Batia Laufer, katika utafiti wa mwaka 1989, alionyesha kwamba msomaji wa lugha ya pili anahitaji kujua kama asilimia 95 ya maneno ya matini ili aielewe kwa kiasi cha kuridhisha. Hu na Nation mwaka 2000 walikipandisha kiwango hicho hadi asilimia 98 kwa anayesoma peke yake bila msaada. Asilimia 95 maana yake ni neno moja geni katika kila 20. Sentensi yetu ya maneno 20 ina matatu mageni hata baada ya mwalimu kuyaeleza yale mawili ya kitaalamu. Mtoto huyo yuko kwenye asilimia 85, na hapo hata akisoma usiku kucha hatatoka na kitu. Ndiyo maana hukariri. Kwa aliyenyimwa njia ya kuelewa, kukariri ndiko pekee kunakobaki. Sioni haki kukuita uvivu.

Wala tatizo hili si la watoto wetu peke yao. Mwaka 1985 Cassels na Johnstone walichapisha nchini Uingereza utafiti kuhusu maneno ya kawaida yanayotumika katika sayansi, yale yasiyo ya kitaalamu. Waligundua kwamba hata wanafunzi ambao Kiingereza ni lugha yao ya mama huyaelewa isivyo, wakati mwingine kinyume kabisa cha maana yake. Ikiwa waliolelewa katika lugha hiyo wanajikwaa hapo, tunategemea nini kwa mtoto aliyeanza kufundishwa masomo yote kwa Kiingereza mwezi Januari mwaka jana?

Neno "kongosho" lilivyoingia

Kuna jambo katika majibu ya binti lililonifikirisha kuliko yote, nalo ni kongosho.

Wengi wa wanafunzi wetu nyumbani huzungumza Kisukuma. Kiswahili chao cha masomo wamekipatia shuleni. Ini, figo na utumbo kila mtoto anavijua kwa sababu ameviona vikiwa sufuriani. Kongosho si hivyo. Sijawahi kusikia mtu akiagiza kongosho buchani. Kwa hiyo neno hilo binti hakulipata kwa mama yake jikoni. Alilipata shule ya msingi katika somo la sayansi, nalo likaja na dhana mpya ambayo hakuwa nayo katika lugha yoyote. Kwa mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani, hilo ni neno jipya la kitu kipya katika lugha ya pili. Kinadharia ndiyo hali ngumu kuliko zote, na bado lilishika kiasi kwamba miaka kadhaa baadaye analitoa bila kuulizwa.

Lilishika kwa sababu lilipandwa kati ya maneno aliyoyajua. Mwalimu wake wa msingi anaweza kuwa alisema kwamba kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, na kwamba hutoa majimaji yanayosaidia kumeng'enya chakula. Katika maelezo ya namna hiyo neno geni ni moja, na mengine yote yanalieleza. Mtoto anaweza kuuliza swali, anaweza kubishana na mwenzake, anaweza kumweleza mdogo wake nyumbani. Neno hupata ndugu na jamaa, likaishi.

Linganisha na "pancreas" alivyolipokea kidato cha pili. Lilikuja ndani ya sentensi yenye "secretes", "duct" na "neutralizes". Asingelijua kongosho kabla, "pancreas" lingekuwa sauti tupu. Kwa kuwa alilijua, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo sana, yaani kubandika jina la pili juu ya kitu ambacho tayari kimo kichwani. Mtoto mwenye dhana hahitaji kufundishwa dhana upya. Anahitaji jina, na anahitaji maneno ya kawaida ya kulizungushia jina hilo ili aweze kusema nalo jambo. Shule zetu humpa jina, na maneno hayo mengine zikamnyima.

Kwa upande wa lugha ya kwanza, wataalamu wa Marekani Nagy na Herman walikadiria katika miaka ya 1980 kwamba mtoto wa shule anayekulia katika Kiingereza hujifunza takribani maneno 3,000 kwa mwaka. Hakuna mwalimu awezaye kufundisha maneno 3,000 kwa mwaka, moja moja. Mengi huingia kwa kusikia na kusoma, neno lilelile likikutwa tena na tena mahali tofauti, kila mara likiacha chembe ya maana. Utaratibu huo unadai vitu viwili ambavyo mtoto wetu hana kwa Kiingereza: wingi wa matini anazozielewa, na watu wanaoizungumza lugha hiyo karibu naye. Getini kwetu kuna kibao kimeandikwa "Speak English Only". Ukitoka nje ya geti hilo, hadi sokoni, kanisani na nyumbani, hutasikia sentensi moja ya Kiingereza. Kusubiri msamiati uingie wenyewe katika mazingira hayo ni kuwatupa watoto.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha: mwezi wa Januari mtoto anapoingia kidato cha kwanza, Kiswahili chake cha sayansi nacho husimama. Alifika na kongosho, kimeng'enya na utumbo mwembamba, na baada ya hapo haongezewi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hiyo istilahi zilitafutwa na wasomi wetu wakatoa jasho lao. Shuleni kwetu haimo hata nakala moja. Mtoto anakua akiwa na lugha mbili za sayansi ambazo zote ni pungufu.

Tulikofikia hapa

Historia ya uamuzi wa kufundishia sekondari kwa Kiingereza inajulikana, nitaipitia upesi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu katika ngazi mbalimbali. Waliona wazi kwamba wa sekondari walio wengi hawakuwa na Kiingereza cha kusomea masomo mengine, na bado wakashauri lugha hiyo iendelee kufundishia, ila iimarishwe. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na hapohapo ikaacha Kiingereza kiendelee kutumika. Darasani kwetu hakuna kilichobadilika. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili huja kila mwaka, na Biolojia yake ni ya Kiingereza.

Msimamo wangu nausema bila kuficha: watoto hawa wangefundishwa sayansi kwa Kiswahili na Kiingereza wakafundishwa vizuri kama somo, tungekuwa mbali. Lakini binti huyu ana mtihani mwezi Novemba mwaka huu, na hawezi kuisubiri sera.

Tulichokifanya

Mwenzangu na mimi tulianza kwa kukaa na sura ya lishe na kuyachambua maneno yake kwa makundi. Ya kitaalamu tuliyaweka kando, yeye ataendelea nayo. Tulitafuta yale ya kawaida yanayobeba hoja: release, absorb, contain, pass, break down, prevent, due to, therefore, whereas. Kisha tukaongeza maneno ya maagizo yaliyomo katika mitihani ya nyuma: account for, outline, state, distinguish, suggest. Haya ya mwisho ndiyo tuliyoyafundisha kwanza, kwa sababu huwezi kumnyima mtoto alama kwa kutojua anaulizwa nini halafu ukasema umempima Biolojia.

Hatukuwatuma kutafuta maana kwenye kamusi. Tumeona matokeo yake. Mtoto hufungua kamusi ndogo ya mfukoni, akaona "account: hesabu", akafunga. Maana anayoihitaji iko chini zaidi, chini ya kirai kizima, wala hajui kwamba atafute kirai. Tulilipa kila neno sentensi kutoka sura ileile, na Kiswahili chake kando. "Account for" tukalieleza kuwa ni "toa sababu ya", tukawapa maswali matatu ya kujibu kwa mdomo kwa Kiswahili kwanza. Account for the fact that njia hii hujaa maji kila masika. Account for the fact that kuku hawana meno. Darasa lilichangamka. Waliojibu kuhusu kuku walilifikia firigisi, na firigisi ikaturudisha kwenye mmeng'enyo.

Hapo niwaombe walimu wenzangu wasiogope. Kutumia Kiswahili kueleza neno la Kiingereza hakumdhoofishi mwanafunzi. Dhana imo kichwani kwa Kiswahili, na njia fupi ya kuifikia ni hiyo. Kinachomdhoofisha ni kuishia hapo, yaani mwalimu aeleze kwa Kiswahili, darasa lielewe, kengele ilie, halafu mtihani uje kwa Kiingereza bila daraja lolote katikati. Daraja letu lilikuwa hivi: vikundi vya watu wanne vijadili swali kwa Kiswahili mpaka wakubaliane jibu, kisha waliandike kwa Kiingereza wakitumia maneno matatu tuliyoyaandika ubaoni. Jambo wanalo tayari, kwa hiyo akili yote inakwenda kwenye kulisema.

Katika uandishi huo ndipo makosa ya ndani yalipojitokeza, na nililolipenda zaidi kulifuatilia ni la neno kutoa. Kundi zima liliandika "The liver removes bile." Walikuwa wanasema ini hutoa nyongo, na Kiswahili chao hakina kasoro. Kutoa kwetu ni kitenzi kipana. Mtu hutoa pesa benki, hutoa taka nje, hutoa tano katika nane, mti hutoa matunda, ini hutoa nyongo. Kiingereza kinayagawa hayo kwa remove, subtract, produce, release na secrete, na ukikosea mgawo unasema jambo jingine kabisa. Anayesoma "The liver removes bile" ataona ini linaiondoa nyongo mwilini, na kumbe nyongo ilitakiwa ifike kwenye utumbo mwembamba ikasaidie kuyavunjavunja mafuta. Orodha ya kawaida ya maneno na maana haiwezi kulitibu hilo, kwa sababu kwenye orodha kila moja ya hayo matano litaandikiwa "kutoa". Tulichora ubaoni mchoro mmoja wa ini, mfuko wa nyongo na utumbo mwembamba, tukaweka kila kitenzi mahali pake. Ini linatengeneza, kwa hiyo produces. Mfuko unahifadhi, kwa hiyo stores. Chakula chenye mafuta kikifika, mfuko unaachilia, kwa hiyo releases. Vitenzi vitatu, mishale mitatu. Kundi lile halikurudia kosa.

Kwa upande mwingine, kuna mahali Kiswahili kinampa mtoto nguvu ambayo hatuitumii. Mwanafunzi wetu ni fundi wa kuunda maneno. Akisikia meng'enya, anajua mwenyewe kwamba kimeng'enya ni kinachomeng'enya, mmeng'enyo ni tendo lake, na kumeng'enywa ni kutendwa. Hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo, aliinyonya na lugha. Basi mwonyeshe kwamba Kiingereza nacho kina viungo vyake: digest, digestion, digestive; absorb, absorption; secrete, secretion. Mwambie kwamba vimeng'enya vingi huishia na -ase, na kwamba sehemu ya mbele mara nyingi hutaja kinachomeng'enywa: lipase ya lipids (mafuta), protease ya protini, maltase ya maltose. Mara moja akiona jina geni la kimeng'enya ana pa kuanzia. Nilimwona kijana wa nyuma kabisa, asiyesema kitu vipindi vyangu vyote, akikisia "sucrase" hufanya kazi gani, akapata. Kwa kijana yule hiyo haikuwa bahati. Alikuwa anatumia ujuzi alio nao tangu utotoni.

Kukumbuka bila kuangalia

Kufundisha neno ni nusu ya kazi. Stuart Webb, mtafiti wa ujifunzaji wa msamiati, katika utafiti wake wa mwaka 2007, alionyesha kwamba hata mwanafunzi akilikuta neno mara 10, bado kunaweza kubaki upande wa ujuzi wake ambao haujakamilika. Sisi huandika neno ubaoni mara moja, tukafuta, tukashangaa.

Kuna jaribio moja ambalo kila mwalimu anayezungumza Kiswahili angestahili kulijua, kwa sababu maneno yetu ndiyo yaliyotumika. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science matokeo ya wanafunzi wa chuo kikuu Marekani waliopewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kama mashua na boat. Kiswahili kiliwafaa watafiti kwa sababu wanafunzi hao hawakukijua. Wote walijifunza mpaka wakaweza kulikumbuka kila neno angalau mara moja. Baada ya hapo wengine waliendelea kulisoma neno bila kuulizwa tena, na wengine waliendelea kuulizwa bila kulisoma tena. Wiki moja baadaye walioendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kuulizwa, hata wale walioendelea kusoma, walikumbuka kiasi cha theluthi moja tu. Na kabla ya jaribio la mwisho, walipoulizwa wanadhani watakumbuka mangapi, makundi yote yalitaja takribani nusu. Aliyejifunza vizuri na aliyejifunza vibaya hawakujitambua.

Nilipomsomea mwenzangu matokeo hayo, alisema hivi ndivyo wanafunzi wake wanavyojisomea usiku: wanafungua daftari, wanasoma, wanasoma tena, wanaridhika. Tukabadili mwanzo wa vipindi vyetu. Dakika tano za kwanza, iwe Biolojia au Kiingereza, madaftari yanafungwa. Ninataja Kiswahili, wanaandika Kiingereza pamoja na sentensi yake. Au ninaandika sentensi yenye pengo. Maneno ya wiki iliyopita yanachanganywa na ya mwezi uliopita. Hakuna alama zinazorekodiwa, na hakuna kuchapwa wala kuaibishwa. Hilo tulilisisitiza, kwa sababu mtoto anayeogopa kukosea hujificha ndani ya kiitikio. "Mmeelewa?" "Ndiyoooo." Kiitikio hicho hakijawahi kumweleza mwalimu kitu.

Daftari la msamiati nalo tulilibadilisha. Ukurasa umekunjwa katikati: kushoto Kiswahili na mchoro kama upo, kulia Kiingereza na sentensi. Mwanafunzi anafunika upande mmoja na kujiuliza. Ni jambo dogo, halina gharama, na mtoto wa kijijini asiye na simu wala umeme analiweza. Wawiliwawili njiani kurudi nyumbani wanaulizana, jambo ambalo sisi hatukuwaagiza.

Si kila kitu kilikwenda. Wale waliotoka shule ya msingi na Kiswahili chepesi cha kusoma, wachache lakini wapo, hawakufaidika kama wengine, kwa sababu upande wa kushoto wa daftari nao ulikuwa mgeni kwao. Mtoto ambaye kimeng'enya hakukielewa kwa Kiswahili, kumwambia "enzyme" ni kimeng'enya ni kumwongezea mzigo. Hao walihitaji kurudishwa kwenye kitu chenyewe. Tuliwapa ugali mkavu wautafune muda mrefu bila kumeza, mpaka waonje utamu unavyoanza kutokea wanga ukigeuka sukari mdomoni. Baada ya kuuonja, maneno yote mawili yalipata pa kukaa. Walimu wengine nao waliona tunapoteza muda wa silabasi. Hilo ni kweli kwa wiki za mwanzo, na sura ya lishe tuliimaliza kwa kuchelewa. Sura iliyofuata, ya usafirishaji wa vitu mwilini, ilikwenda kwa kasi zaidi, kwa sababu release, contain, pass na due to walikuwa wamekwisha kuyabeba, na maneno hayo hayachagui sura.

Binti wa akaunti alifanya jaribio lililofuata. Swali moja lilisema: "Account for the presence of valves in veins", yaani kwa nini veni zina vali. Aliandika: "Because blood in veins pass slowly and going up, so valves prevent blood to go back." Sarufi ina makosa matatu, na nitayashughulikia kwenye kipindi changu. Mwenzangu alimpa alama zote za Biolojia.

Kwa sasa tunaandaa orodha ya maneno ya maagizo na ya kawaida kwa ajili ya kozi ya awali ya Kiingereza ya wanaoingia kidato cha kwanza Januari ijayo, ili yatangulie kabla mwalimu yeyote wa sayansi hajaandika neno lake la kwanza ubaoni. Mwalimu wa Kemia ameongeza yake kumi na mawili. Wa Jiografia ameomba nafasi.